Kutuma ujumbe kwa entiti zilizogawanywa kwenye Akka na Pekko: tell, ask, ufikishaji wa uhakika, au Kafka mbele?

Akka na Pekko ni maktaba za kujenga programu kwa akta, yaani vipande vinavyoshika hali yao wenyewe na kuwasiliana kwa ujumbe. Ukishagawa entiti zako (akta zenye kitambulisho) kwenye shadi, yaani mafungu yanayosambazwa kwenye nodi za klasta, kutuma ujumbe huonekana jambo dogo. Unachukua kitambulisho, unaita `entityRefFor`, unatuma. Entiti iko nodi gani, si kazi yako kujua. Ila Cluster Sharding, sehemu inayosimamia mgawanyo huo, inakuficha mahali tu, haikuhakikishii kwamba ujumbe umefika. Ahadi yake ni kuufikisha mara moja au kutoufikisha kabisa. Kwa hiyo unapochagua njia ya kutuma, jiulize kwanza: ujumbe ukipotea, nani atajua, na nani atautuma tena? Njia nne zilizo hapa chini zinampa mtu tofauti mzigo huo.

Yanayosemwa hapa yanahusu Akka yenye API ya aina (typed) kuanzia mfululizo wa 2.6, pamoja na Apache Pekko, iliyotokana na mfululizo huohuo baada ya leseni ya Akka kubadilishwa Septemba 2022. Majina ya mipangilio ni ya Akka. Kwenye Pekko weka `pekko.` mahali pa `akka.`. Mfano wetu ni entiti `Pochi`, moja kwa kila mteja, inayohifadhi hali yake kama mfululizo wa matukio na kupokea amri za kuweka (`Weka`) na kutoa (`Toa`) fedha.

Ujumbe unapita wapi, na unapotelea wapi

Ujumbe hutoka kwa mtumaji kwenda `ShardRegion`, akta inayoelekeza ujumbe, ya nodi yake, kisha kwenye `ShardRegion` ya nodi yenye shadi husika, kisha kwa `Shard`, ndipo kwa entiti. Namba ya shadi ni baki la hash ya kitambulisho (namba inayokokotolewa kutokana nacho) ikigawanywa kwa `number-of-shards`, ambayo kwa chaguo-msingi ni 1000. Idadi hiyo lazima iwe sawa kwenye nodi zote, na kuibadilisha kunataka klasta nzima izimwe, kwa hiyo ipange mapema. Kipimo kinachotumika sana ni mara kumi ya nodi nyingi zaidi unazotarajia kuwa nazo.

Region isipojua shadi iko wapi, inamuuliza mratibu, `ShardCoordinator`, ambaye ni mmoja kwa klasta nzima. Wakati inasubiri jibu inaweka ujumbe bafani, yaani kwenye hifadhi ya muda. Ikishajua haimuulizi tena, ndiyo maana mratibu akianguka kwa muda shadi zinazojulikana zinaendelea kupata ujumbe kama kawaida.

Watu wengi huogopa usawazishaji wa shadi kuliko inavyostahili. Shadi inapohamishwa, region zote huarifiwa kwanza, zinaanza kuweka ujumbe bafani, entiti za zamani zinasimamishwa, ndipo bafa inafunguliwa kuelekea nodi mpya. Hapo hasara huja tu bafa ikijaa: `buffer-size` ni ujumbe 100000, na unaozidi hapo unatupwa.

Hasara kubwa iko kwingine. Nodi ikifa ghafla, region nyingine bado zinaamini shadi ziko kule na zinaendelea kuipelekea ujumbe. Kugundua kwamba haipatikani huchukua kama sekunde 5. Split Brain Resolver, inayoamua nodi zipi ziondolewe, husubiri `stable-after`, sekunde 20. Kisha `down-removal-margin` huongeza nyingine 20. Hizo ni kama sekunde 45 ambazo ujumbe wote kwa shadi za nodi hiyo hauna mpokeaji. Mtumaji wa `tell`, anayetuma bila kusubiri jibu, hatajua lolote.

Kuna na mianya midogo. Ujumbe unaozidi KiB 256, kikomo cha fremu ya Artery (njia ya mtandao ya Akka), hautumwi. Kosa linabaki kwenye logi tu. Entiti ikijifunga kwa `Behaviors.stopped` bila kupitia `Passivate`, yaani kuiomba `Shard` ilazwe, kilichobaki kwenye sanduku lake kinaishia `deadLetters`, kapu la ujumbe usio na mpokeaji, ilhali kwa `Passivate` entiti hukipitia kwanza, na `Shard` huhifadhi ujumbe unaofika baadaye na kumpa mrithi wake. Tena entiti inayohifadhi matukio huweka kando amri zinazofika wakati inaandika au inasoma upya historia yake, mwisho 4096 kwa chaguo-msingi, na zinazozidi zinaangushwa. Entiti moja inayopokea amri nyingi mno inaweza kufika hapo bila klasta kuwa na tatizo lolote.

EntityRef au bahasha?

Hili halihitaji mjadala mrefu. `EntityRef`, inayorudishwa na `entityRefFor`, inakupa aina sahihi ya ujumbe na mbinu ya `ask`, yaani kutuma na kusubiri jibu. Itumie kila mahali unapozungumza na entiti moja. `ShardingEnvelope(kitambulisho, ujumbe)` inayotumwa kwa `ShardRegion` inafaa pale akta moja inaposambaza ujumbe kwa vitambulisho vingi, au API nyingine inapotaka `ActorRef` ya kawaida. Njia ni ileile na dhamana ni ileile.

Mitego miwili inazihusu zote. Kwanza, hakuna kinachohakiki kwamba entiti ipo. Ukikosea herufi moja ya kitambulisho hupati kosa: pochi mpya tupu inazaliwa, inasoma matukio sifuri, inakujibu kwamba salio ni 0. Weka hali ya kuanzia inayokataa kila amri isipokuwa `Fungua`. Pili, mfuatano wa ujumbe unalindwa tu pale mtumaji anapopitia `ShardRegion` ileile. Nodi mbili zikituma kwa pochi moja, usitegemee yupi atatangulia.

Usihifadhi `ActorRef` ya entiti, wala usiitume kwa entiti nyingine ili ijibiwe baadaye. Inaelekea kwenye uhai huu mmoja wa entiti. Ikilazwa (ikiondolewa kwenye kumbukumbu) baada ya dakika 2 za kukaa kimya, ambacho ndicho chaguo-msingi, jibu linapotea. Tuma kitambulisho, na anayejibu aite `entityRefFor` mwenyewe.

Njia ya kwanza: tell

Ni nyepesi kuliko zote na haina breki. Sanduku la akta kwa chaguo-msingi halina kikomo, hivyo mzalishaji mwenye kasi anaweza kujaza kumbukumbu ya nodi nyingine kabisa. Inafaa kwa habari ambayo ijayo inaifuta iliyopita: usomaji wa kihisi, mahali gari lilipo, ishara ya kuonyesha upya. Kwa `Toa` haifai hata kidogo. Ukiona mahali `tell` inafuatiwa na mpango wa kila usiku wa kulinganisha hesabu, hapo palihitaji njia nyingine tangu mwanzo.

Njia ya pili: ask

Hapa mtumaji anabeba mzigo. Anapata jibu, au muda wake wa kusubiri unakwisha na anapata `AskTimeoutException`. Kosa kubwa ni kuichukulia hitilafu hiyo kama "haikufanyika". Inachosema ni kwamba jibu halijaja. Pochi inaweza kuwa imeshatoa fedha na nodi ikafa kabla ya kujibu. Kurudia bila tahadhari ni kutoa mara mbili. Kutorudia ni kumwacha mteja njia panda.

Dawa yake ni namba ya ombi inayotengenezwa na mteja kabla ya jaribio la kwanza, na kubaki ileile katika marudio yote:

```scala
final case class Toa(
  ombi: String,
  kiasi: Long,
  jibuKwa: ActorRef[StatusReply[Long]]
) extends Amri

val pochi = sharding.entityRefFor(Pochi.Key, "pochi-4417")
pochi.askWithStatus[Long](jibu => Toa(ombi, 5000, jibu))
```

Na ndani ya pochi:

```scala
case Toa(ombi, kiasi, jibuKwa) =>
  if (hali.maombi.contains(ombi))
    Effect.reply(jibuKwa)(StatusReply.success(hali.salio))
  else if (hali.salio < kiasi)
    Effect.reply(jibuKwa)(StatusReply.error("Salio halitoshi"))
  else
    Effect.persist(Imetolewa(ombi, kiasi))
      .thenReply(jibuKwa)(h => StatusReply.success(h.salio))
```

Mpangilio wa masharti haya una maana. Ukiangalia salio kwanza, ombi lililokwisha fanikiwa na kumaliza fedha likirudiwa litajibiwa "Salio halitoshi", na mteja ataambiwa imeshindikana wakati fedha zimeshatoka. Namba ya ombi lazima iwe ndani ya tukio `Imetolewa`, si kwenye kumbukumbu tu, la sivyo entiti ikilazwa na kuamka imesahau. Huhitaji kuzitunza milele: tunza za muda unaozidi kidogo marudio marefu kuliko yote unayoruhusu. Angalia pia kwamba ombi lililorudiwa linajibiwa salio la sasa, si la wakati ule. Kama mteja anahitaji lile la kwanza, hifadhi jibu lenyewe.

Muda wa kusubiri ni mahali pengine panapoharibika. Sekunde 3 zinatosha entiti ikiwa macho. Ikiwa imelala lazima isome historia yake kwanza, na `max-concurrent-recoveries` inaruhusu entiti 50 tu kusoma kwa wakati mmoja kwenye nodi. Shadi nyingi zikihamia nodi moja baada ya mwenzake kufa, maelfu ya entiti wanaamka pamoja, wanasimama foleni ya 50 kwa 50, `ask` zinaanza kuisha muda, wateja wanarudia, na kila rudio ni amri nyingine juu ya entiti ambayo bado inasoma. Picha za hali (nakala zinazohifadhiwa ili historia yote isisomwe upya), kwa mfano `snapshotEvery(100, 2)`, hupunguza sana muda wa kuamka. Na marudio yaachane kwa muda unaokua, si papo kwa papo. Kama marudio yako yote yanaisha ndani ya sekunde 10, jua kwamba hayavuki zile 45 za nodi iliyokufa. Hapo mteja aambiwe "haijulikani bado", kamwe asiambiwe "imeshindikana".

Ukiwa ndani ya akta nyingine, tumia `context.ask` badala ya kushika `Future` (jibu litakalokuja baadaye) na kugusa hali ya akta ndani ya `onComplete`. Msimbo wa `onComplete` unaendeshwa na uzi mwingine, na kosa lake halionekani kwenye majaribio. Linaonekana siku yenye msongamano.

Njia ya tatu: ufikishaji wa uhakika wa Akka

Hapa kuna vidhibiti viwili: `ShardingProducerController` upande wa mtumaji na `ShardingConsumerController` inayoizunguka entiti. Mzalishaji hatumi anapotaka. Anasubiri `RequestNext`, kisha anatuma kupitia `sendNextTo`. Kila ujumbe una namba, mpokeaji anapokea `Delivery` na kujibu `Confirmed`, na ambao haujathibitishwa unatumwa tena. Kwa mara ya kwanza katika orodha hii, kuna breki halisi: mzalishaji anapunguza kasi kwa sababu mpokeaji amechelewa.

Gharama yake haionekani kwenye mifano midogo. Kila jozi ya mzalishaji na entiti ina vidhibiti vyake, kwa hiyo mzalishaji mmoja anayegusa entiti laki moja kwa muda mfupi anafungua hali laki moja, na zisizotumika zinafagiliwa baada ya sekunde 120. Ujumbe unaosubiri entiti ambazo hazijaomba unakaa kwenye bafa ya 1000 kwa jumla. Ikijaa, kidhibiti hakisubiri, kinaanguka na hitilafu. Ndiyo sababu `RequestNext` inakupa `bufferedForEntitiesWithoutDemand`: isome kabla ya kutuma. Njia hii inang'aa pale ujumbe mwingi unapoelekea entiti chache. Ujumbe mmojammoja kwa entiti nyingi unalipia mapatano ya mwanzo kila mara bila kuyafaidi.

Upande wa entiti, `Confirmed` itumwe baada ya tukio kuhifadhiwa, ndani ya `thenRun`. Ukiituma mapema umerudi kwenye `tell` yenye mapambo. Ukisahau kuituma kwenye tawi moja la msimbo, mara nyingi lile la kukataa amri, entiti hiyo inaacha kupokea ujumbe unaofuata kutoka kwa mzalishaji huyo. Nyingine zote zinaendelea, kwa hiyo vipimo vya jumla vitaonekana vizuri.

Jambo moja linawashtua wengi: aina ya ujumbe wa region inakuwa `SequencedMessage[Amri]`. Huwezi tena kuita `ask` ya kawaida kwa ufunguo uleule wa entiti. Jibu utalipata kwa `replyTo` ndani ya amri, na uthibitisho wa kufika kwa `askNextTo`. Kama huduma yako ya HTTP tayari inauliza salio kwa `ask`, kuhamia huku kunagusa kila mtumaji.

Na bado marudio yapo. Entiti ikihamishwa baada ya kuhifadhi na kabla ya kuthibitisha, itapokea ujumbe uleule tena. Mzalishaji akifa, ambao haukuthibitishwa unapotea naye, isipokuwa umeongeza foleni ya kudumu, `EventSourcedProducerQueue`, ambayo inaandika kila ujumbe kabla ya kuutuma. Namba ya ombi inabaki palepale.

`AtLeastOnceDelivery` ya API ya zamani bado inakutwa kwenye mifumo mingi. Inarudia kila sekunde 5 na hailindi mfuatano. Usianze nayo leo.

Njia ya nne: Kafka mbele ya shadi

Chanzo kikiwa nje ya klasta, au kikitakiwa kuendelea hata klasta ikiwa imezimwa, weka mbele Kafka, mfumo unaohifadhi ujumbe kwenye diski katika topiki zilizogawanywa kwa partisheni. Chanzo kinaandika kwa ufunguo ambao ni kitambulisho cha pochi, hivyo ujumbe wa pochi moja unabaki kwenye partisheni moja kwa mfuatano. Msomaji ndani ya klasta anachukua, anafanya `ask` kwa entiti, na akijibiwa ndipo anathibitisha ofseti, yaani mahali alipofikia kusoma. Kumbuka hii ni `ask` ileile, pamoja na kasoro zake zote. Tofauti ni kwamba anayerudia ni Kafka, na kumbukumbu ya cha kurudia iko kwenye diski.

Uthibitisho wa ofseti huenda kwa mafungu. Kwa chaguo-msingi la Alpakka Kafka, maktaba inayounganisha Akka na Kafka, ni ujumbe 1000 au sekunde 10, kinachotangulia. Msomaji akifa, fungu zima linaweza kusomwa tena, kwa hiyo pochi itunze namba za maombi kwa muda mrefu zaidi ya ule uliotosha kwa `ask` tupu. Mfuatano nao una kona yake: `mapAsync(8)` hutuma kwa mpangilio, lakini `ask` ya kwanza ikiisha muda na kurudiwa, ya pili ya pochi ileile inaweza kuwa imeshapita. Mahali mfuatano ni wa lazima, shughulikia moja kwa wakati kwa kila partisheni, na uongeze partisheni ukitaka kasi.

Ujumbe mmoja mbovu unaoshindwa kila unaposomwa huziba partisheni yake yote. Baada ya majaribio uliyopanga, uhamishie topiki ya kando na uendelee. Tofautisha hapa: "Salio halitoshi" ni jibu, linathibitishwa na kupita, muda kuisha ni kushindwa, unarudiwa.

Kafka na Akka hutumia hash tofauti, kwa hiyo ujumbe uliosomwa kwenye nodi moja mara nyingi unaruka mtandao tena kwenda nodi ya entiti. `KafkaClusterSharding` inaweza kulinganisha shadi na partisheni ili entiti ikae pale inaposomwa. Ni nzuri, lakini isiwe hatua ya kwanza. Pima kwanza kama ruko hilo ndilo linalokuchelewesha.

| | tell | ask | Ufikishaji wa uhakika | Kafka mbele |
|---|---|---|---|---|
| Anayejua ujumbe hauna jibu | hakuna | mtumaji | kidhibiti | msomaji wa Kafka |
| Anayerudia | hakuna | msimbo wako | kidhibiti | Kafka, kutoka ofseti ya mwisho |
| Mtumaji akifa | umepotea | umepotea, mteja arudie | umepotea bila foleni ya kudumu | upo kwenye diski |
| Breki | hakuna | idadi ya `ask` unazoruhusu kwa pamoja | ndiyo | ndiyo |
| Namba ya ombi | si lazima | lazima | lazima | lazima |

Uchague ipi

Kwa amri inayotoka kwa mtu anayesubiri jibu kwenye skrini, chukua `ask` yenye namba ya ombi, na usitafute zaidi. Mtu huyo ndiye anayerudia, na foleni yoyote kati yake na pochi inamchelewesha tu. Kwa ujumbe unaotoka mfumo mwingine usiokusubiri, Kafka. Ufikishaji wa uhakika una eneo dogo kuliko jina lake linavyodokeza: mtiririko mzito ndani ya klasta yenyewe, kutoka kwa wazalishaji wachache kwenda entiti chache, pale breki ndiyo unayoihitaji zaidi. Ukiuchagua kwa sababu tu ya neno "uhakika", utalipia vidhibiti na bado utaandika msimbo wa kutambua marudio.

Uhamisho kati ya pochi mbili usiufanye kwa pochi moja kuiuliza nyingine kwa `ask` na kusubiri. Entiti ya kwanza ikilazwa au kuhamishwa katikati, jibu halina pa kwenda na hakuna anayejua uhamisho uliishia hatua gani. Tengeneza entiti ya tatu, `Uhamisho`, yenye matukio yake mwenyewe, inayotuma `Toa` kisha `Weka` kwa namba za maombi zinazotokana na kitambulisho chake. Ikiamka upya inasoma hatua ya mwisho na kuirudia bila madhara. Ila lazima kuwe na wa kuiamsha: `remember-entities` kwa aina hiyo, inayokumbuka entiti na kuziamsha upya, ambayo pia inazima kulazwa kiotomatiki, au kazi ya ratiba inayotafuta uhamisho usiokamilika.

Kabla ya kupeleka kwa watumiaji, jaribu kwa nodi tatu na mzigo unaoendelea. Kuzima kwa SIGTERM hakutoshi, kwa sababu nodi inaaga na kukabidhi shadi zake kwa utaratibu. Tumia `kill -9`. Hesabu maombi yaliyotumwa kwa namba zake, subiri dakika mbili, kisha linganisha na matukio yaliyohifadhiwa: kila namba iliyojibiwa "imefanikiwa" iwe na tukio moja tu, na isiyojibiwa iwe na moja au isiwe nalo. Halafu rudia jaribio kwa kuua nodi yenye mratibu, ambayo kwa kawaida ndiyo ya zamani kuliko zote kwenye klasta.